Besi isiyo na freti inakoroma kwenye C na D: pima kwanza, msasa baadaye

Swali: Napiga besi kwenye kwaya hapa Igoma, Mwanza. Gitaa langu la besi ni la nyuzi nne, halina freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), na fingabodi yake, yaani ubao wa juu ya shingo unaobonyezewa nyuzi, ni ya roswudi yenye mistari myeupe mahali ambapo freti zingekaa. Chini ya uzi wa D na wa G pamechimbika mifereji, zaidi kati ya alama ya 5 na ya 9. Nikipiga C au D kwenye uzi wa G, unakoroma. Nikipanda alama ya 12 na kuendelea, sauti ni safi. Natumia nyuzi za raundi za stenlesi, zile zilizozungushiwa waya wa mviringo. Fundi mmoja ameniambia nimwage resini ya boti juu ya fingabodi, mwingine anasema ubao wote ung'olewe uwekwe mpya. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Wa kwanza yuko karibu na ukweli lakini amekosea aina ya resini, na kosa hilo linaweza kukuharibia shingo. Wa pili anakupeleka kwenye kazi kubwa ambayo, kwa dalili ulizoeleza, huihitaji.

Ukibonyeza uzi, kinachotetemeka ni kipande cha kutoka kidoleni hadi kwenye briji, kile kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi. Kwa hiyo kinachogongwa na uzi kiko mbele ya kidole, upande wa briji. Kidole chako kikiwa alama ya 5 (hiyo C) au ya 7 (hiyo D), kimezama ndani ya bonde lililochimbika. Uzi unatoka bondeni na kupita juu ya ukingo wake, karibu na alama ya 9 au ya 10, na hapo ndipo unapokwaruza. Ukifika alama ya 12 umeshauvuka ukingo, ndiyo maana sauti inarudi kuwa safi. Kama tatizo lingekuwa shingo iliyonyooka kupita kiasi au iliyopinda kwenda nyuma, nyuzi zote nne zingekoroma kuanzia alama ya 1 hadi ya 5. Kama ungekuwa uzi mtupu (usiobonyezwa) peke yake unaokoroma, ungeitazama nati, kile kipande chenye njia za nyuzi karibu na kichwa cha shingo. Na kama zingekuwa noti za juu tu, ungetazama kimo cha nyuzi kwenye briji au uvimbe pale shingo inapoungana na mwili.

Usichanganye kukoroma na ule mlio wa "mwaa" ambao watu wengi hununulia besi ya aina hii. "Mwaa" hutokea uzi unapogusa ubao kidogo kidogo na kwa usawa kwenye urefu wake wote, na sauti hufunguka polepole baada ya kupigwa. Kukoroma ni kugonga sehemu moja, kwa ukali, na noti hufa mapema. Ukisawazisha ubao vizuri, "mwaa" huongezeka na kukoroma huondoka.

Vipimo

Kwanza ondoa sababu za kipuuzi. Gonga kichwa cha shingo kwa ngumi nyepesi na usikilize. Skrubu za mashine za kukazia nyuzi, skrubu ndogo za kwenye briji, hata kikazio kilicholegea cha trasrodi (fimbo ya chuma ndani ya shingo inayorekebisha upinde wake), zote hulia kwa noti fulani tu na kumdanganya mtu kwamba ubao umeharibika. Zikaze kwa bisibisi na alenki.

Halafu tafuta fila geji, zile bamba nyembamba ambazo mafundi wa magari hupimia nafasi ya valvu. Gereji yoyote pale mjini wanazo na watakuazima. Ukizikosa kabisa, karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo mbili zilizolaliana ni 0.2. Tafuta pia rula ya chuma ya sentimita 60, na uitumie kwa ukingo wake, si kwa ubapa, kwa sababu kwa ubapa inapinda na kukupa jibu la uongo.

Tyuni besi kwenye E, A, D, G kama kawaida. Bonyeza uzi wa E alama ya 1 kwa mkono mmoja na pale shingo inapoungana na mwili kwa mkono mwingine, kisha mtu akupimie nafasi kati ya uzi na ubao kwenye alama ya 7 au ya 8. Besi isiyo na freti hukaa vizuri ikiwa na 0.15 hadi 0.25. Nimesema uzi wa E kwa makusudi. Ukipima kwenye G, utakuwa unapima kina cha mfereji ukidhani unapima upinde wa shingo, na utakaza trasrodi bila sababu. Kama nafasi ni kubwa, kaza trasrodi kwa kwenda kulia robo mzunguko tu, tyuni upya, subiri kidogo, pima tena. Ikigoma, usiilazimishe.

Sasa kina cha mfereji wenyewe. Toa nyuzi. Laza rula kwa ukingo kwenye njia ya uzi wa G ili ncha zake zikae nje ya bonde, kisha ingiza fila geji chini yake. Usipime kwa kuvuka upana wa shingo, kwa sababu ubao una mviringo na rula haitakaa. Chini ya 0.1, unahitaji kung'arisha tu. Kati ya 0.1 na 0.3, unasawazisha ubao wote ushuke ufikie sakafu ya bonde. Ukizidi 0.4 au 0.5, hapo ndipo tunaanza kuzungumzia kujaza. Tazama pia unene wa fingabodi ubavuni na kwenye ncha ya nati: ubao wa milimita 5 au 6 unavumilia kupunguzwa mara kadhaa katika maisha yake, lakini baadhi ya besi zina ubao mwembamba sana uliobandikwa kwa kufuata mviringo, na huo hauna mengi ya kutoa.

Kusawazisha

Kosa linalofanywa na wengi ni kukunja msasa kwenye vidole na kusugua pale palipochimbika mpaka alama zipotee. Alama hupotea kweli, na bonde huzidi kuwa refu na la kina. Kinachotakiwa kushuka ni sehemu zilizoinuka, si bonde, na kazi hiyo inafanywa na kitu kigumu, kilichonyooka na kirefu.

Maduka ya madirisha ya aluminiamu huwa na vipande vilivyobaki vya boksi, yale mabomba ya pembe nne. Chagua cha sentimita 40 au zaidi, upana sentimita 3 hadi 5, na ukihakiki kwa kukilaza juu ya kioo kinene: kikicheza, kiache. Bandika msasa namba 180 kwa gundi tepu ya pande mbili, bila mkunjo hata mmoja. Usianze na namba 80. Mikwaruzo yake itakuchosha kuiondoa kuliko mfereji wenyewe.

Bila nyuzi, legeza trasrodi mpaka rula ioneshe shingo imenyooka kabisa. Pima pembeni mwa mifereji, katikati ya njia za nyuzi. Egemeza shingo kwenye mfuko mdogo wa mchanga au kitambaa kilichokunjwa, funika mwili kwa masking tepu na gazeti, na pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) uzifunike vizuri. Usitumie stilwulu (sufi ya chuma) popote karibu nazo, kwa sababu sumaku itavuta vumbi la chuma na halitoki tena. Vaa barakoa. Vumbi la roswudi huwasha koo na ngozi, na wengine huwapata mzio unaodumu.

Chukua penseli laini na uchore mistari ya kukata upana wa ubao kila baada ya sentimita 2, kuanzia nati hadi mwisho. Hiyo penseli ndiyo itakayokuongoza. Weka boksi kwenye njia ya uzi wa E na uisukume kwa urefu mara tano au sita, bila kukandamiza, kisha hamia kati ya E na A, kisha A, hivyo hivyo mpaka G, halafu urudi. Fuata njia za nyuzi zenyewe, ambazo hutanuka kuelekea kwenye briji. Ukisukuma sambamba na mstari wa katikati tu, kingo za ubao zitaliwa na mviringo utaharibika. Baada ya duru moja utaona penseli imefutika alama ya 1 hadi ya 4 na kutoka ya 10 kwenda mbele, huku mistari ikibaki myeusi chini ya D na G kati ya 5 na 9. Hilo ndilo bonde lako linajionesha. Endelea. Kila duru, mistari iliyobaki itakuwa mifupi zaidi. Inapobaki kama nywele tu katikati ya mfereji, acha namba 180 uchore penseli upya na uingie 240, kisha 320.

Angalia mistari myeupe ya mahali pa freti. Plastiki au mti mweupe hauliwi kwa kasi sawa na roswudi, na ukitumia kitu laini, utaishia na vituta vidogo ambavyo vidole vitavisikia. Kwa hiyo boksi ibaki mpaka 320. Kuanzia 400 unaweza kuzungushia msasa kwenye kipande cha raba ngumu ili kulainisha mipaka kati ya njia za nyuzi, kisha 600 na 800. Kwenye mti mtupu sugua kikavu. Msasa wa maji ni kwa ubao uliopakwa. Futa vumbi, pitisha mafuta ya kitani kwa kitambaa, subiri dakika kumi, futa yote yaliyobaki juu. Mafuta ya kupikia hapana, huchacha na kunata. Na kitambaa chenye mafuta ya kitani kianike kikiwa kimetandazwa nje, usikifinyange na kukitupa kwenye ndoo, kwani hujipasha moto chenyewe mpaka kikawaka.

Hiyo resini ya boti

Ushauri wa fundi wako una asili yake. Jaco Pastorius, mpigaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1987, alipiga Fender Jazz Bass ya mwaka 1962 iliyotolewa freti, na kuupaka ubao wake epoksi ya boti, ili nyuzi zake za raundi zisiule. Neno "resini ya boti" limesafiri kutoka hapo. Lakini resini ambayo mafundi wa boti za faiba huku ziwani huitumia kwa wingi ni poliesta: ile yenye harufu kali, inayogandishwa kwa matone machache ya dawa. Poliesta husinyaa inapokauka, na mafuta asilia ya roswudi huizuia kukauka vizuri. Matokeo ni ubao unaonata kwa wiki kadhaa, au ganda linalobanduka vipande chini ya uzi wa G. Ukitaka kupaka, nunua epoksi ya sehemu mbili iliyoandikwa uwiano wa kuchanganya, 1 kwa 1 au 2 kwa 1, na uufuate uwiano huo hasa. Kuongeza kigandishi hakuharakishi kitu. Hufanya ganda libaki laini.

Kwa maoni yangu, mpigaji wa kwaya mwenye mfereji wa chini ya 0.3 hahitaji epoksi. Asawazishe, abadilishe nyuzi, basi. Epoksi inafaa kwa aliyechimba zaidi ya hapo, au anayetaka ule mng'ao wa nyuzi za raundi na hayuko tayari kuuacha. Hubadilisha sauti pia: noti hudumu zaidi na ukali huongezeka.

Ukiamua hivyo, ubao wa sentimita 60 kwa wastani wa upana wa 5 ni sentimita za mraba 300, kwa hiyo mililita 10 hadi 12 kwa koti moja zinatosha, na makoti matatu membamba yatakupa chini ya milimita 1 baada ya msasa. Acha ubao kwenye msasa 180, usipakwe mafuta yoyote, kisha ufute kwa asetoni safi ya duka la rangi mpaka kitambaa kisitoke tena na rangi ya kahawia. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta, haifai. Zungushia kingo masking tepu iliyosimama. Changanya kwenye sahani pana badala ya kikombe, kwa sababu epoksi iliyorundikana hujipasha moto na kuganda mikononi mwako, na joto la mchana la huku huongeza kasi hiyo. Jaza mifereji kwanza peke yake, acha ishike, kisha paka ubao wote. Koti linalofuata liwekwe lile la chini likiwa bado linanata kidogo. Likishakauka kabisa, lioshe kwa maji, ufute na ulipige msasa kwanza, kwani unyevu huacha utando wa mafutamafuta juu unaozuia koti jipya kushika.

Paka asubuhi, ndani, na ufunike shingo kwa boksi la karatasi lililoinuliwa. Anayeishi huku ziwani anajua wale wadudu wadogo wanavyofuata taa jioni. Mmoja akitua kwenye epoksi mbichi chini ya uzi wa D, utarudi kwenye msasa 180. Ipe wiki nzima kabla ya kupiga msasa wa mwisho kwa maji: 320 kwenye boksi, kisha 400, 600, 800, 1000 na 1500, halafu kompaundi ya kung'arishia magari.

Supa glu nyepesi, matabaka mengi membamba, nayo hufanya kazi hiyo. Ila mvuke wake unachoma macho vibaya, na kwa ubao wote naona epoksi ni salama zaidi kwa anayeanza. Usijaze mfereji peke yake kwa supa glu iliyochanganywa na vumbi la mti ukaacha ubao mwingine mtupu: kiraka kitakuwa kigumu kuliko mti wa jirani, na baada ya miezi kadhaa mti unaliwa kando yake na kiraka chenyewe kinakuwa ndicho kilima.

Nati na kimo cha nyuzi

Watu husahau hapa, kisha hulalamika kwamba besi imekuwa ngumu. Umeshusha ubao kwa 0.3 lakini nati imebaki palepale, hivyo nyuzi zimeinuka kwa kiasi hicho hicho upande wa kichwa. Kwenye besi isiyo na freti, uzi mtupu ukae 0.2 hadi 0.3 juu ya ubao, mara tu unapotoka kwenye nati. Yaani karatasi mbili zipite, ya nne ikwame. Shusha njia za nati kwa tupa ndogo yenye upana wa uzi. Kipande cha uzi wa raundi wa zamani cha saizi ileile, ukikivuta mbele na nyuma, hukata vizuri. Lenga mteremko mdogo kuelekea kichwani ili uzi uegemee ukingo wa upande wa ubao, la sivyo uzi mtupu utalia kama umelegea. Ukikata kupita kiasi, jaza njia kwa unga wa mfupa na tone la supa glu, uanze upya. Kama umepaka epoksi, hesabu ni kinyume: alichopunguza msasa kitoe kwenye ulichoongeza kwenye ubao, na tofauti hiyo ndiyo unene wa kipande cha kuweka chini ya nati.

Rudisha nyuzi, tyuni, rudisha upinde wa shingo kwenye 0.15 hadi 0.25, kisha shusha briji mpaka kimo kwenye alama ya 12 kiwe karibu milimita 2 kwa G na 2.4 kwa E. Kuanzia hapo shuka kidogo kidogo ukisikiliza "mwaa". Unaporekebisha urefu wa nyuzi kwenye briji kwa tyuna, weka ncha ya kidole juu ya mstari wa 12 wenyewe, si nyuma yake kama ungekuwa na freti.

Kilichochimba mifereji

Nyuzi za raundi za stenlesi zina migongo migumu ya waya iliyojipanga kama meno ya tupa, na roswudi haiwezi kushindana nayo. Weka nyuzi za flati, zilizozungushiwa waya bapa, au zile nyeusi zilizozungushiwa nailoni. Ukizikosa Mwanza, agiza Kariakoo zije kwa basi. Angalia iwe seti ya urefu wa inchi 34, na saizi (unene kwa elfu za inchi) isizidi sana 045 hadi 105. Flati nyingi huvuta shingo zaidi kuliko raundi, kwa hiyo pima upinde upya siku mbili baada ya kuzifunga. Ukishindwa kuachana na raundi, chukua za nikeli. Ni laini kuliko stenlesi, ingawa bado zitakula mti, taratibu.

Na tazama mkono wako wa kushoto. Mifereji ikiwa mipana na mifupi kwenye alama zilezile za nyimbo zako, unatetemesha noti kwa kuvuta uzi pembeni kama mpiga gitaa la solo. Bingirisha kidole mbele na nyuma kwa urefu wa uzi, kama wapiga selo wafanyavyo. Mtetemo unasikika zaidi, na uzi haukwangui ubao.

Pima upinde wa shingo mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, na tena kiangazi kinapoingia mwezi Juni. Kukoroma kukirudi kwenye nyuzi zote nne kwa pamoja majira hayo, ni shingo imesogea, na robo mzunguko wa trasrodi unatosha.

Kuhusu kubadilisha ubao mzima: hilo ni la fingabodi iliyopasuka, iliyobanduka kwenye shingo, au iliyobaki chini ya milimita 3 katikati. Siku ikifika, usikimbilie roswudi ya kuagiza nje. Mpingo wa Lindi na Mtwara, uleule unaotengenezewa klarineti na obo, ni mgumu na mzito kuliko roswudi, na huzistahimili nyuzi za raundi vizuri zaidi. Sharti uwe umekauka kwa miaka, si miezi, kwa sababu hukauka polepole na hupasuka ukiharakishwa. Ukimpata seremala mwenye kipande cha zamani cha sentimita 65 kwa 7, chenye unene wa milimita 8 na nyuzinyuzi zilizonyooka, kinunue ukiweke ndani, mbali na jua.